Risiti

Barua ya kwanza tuliipeleka kwa baiskeli,
ya pili kwa pikipiki, ya tatu kwa gari la wizara
lililozimika Ruashi, tukalisukuma.
Kanali Bosenge alizisoma zote tatu amesimama,
kisha akauliza, kwa Lingala,
kilo moja ya historia siku hizi bei gani.

Mimi ni karani wa Ofisi ya Urithi.
Kazi yangu kuandika namba juu ya vigae,
wino mweusi, nibu nyembamba,
tarakimu ndogo kama mayai ya sisimizi.
Miaka kumi na tisa. Macho yameniishia humo.

Kilima chenyewe hukioni mpaka uambiwe.
Ukitoka Lubumbashi kwa njia ya Kipushi
miombo inakatika ghafla
kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba;
hapo haukui mti, linaota ua dogo la zambarau
linalokula shaba na halifi.
Wayeyushaji wa kale walilifuata ua hilo.
Walibomoa kichuguu, wakafinyanga tanuri,
wakavuta mvukuto wa ngozi ya swala usiku kucha.
Walikipenda kilima kwa kuwa kiko juu: upepo.
Jeshi nalo lilikipenda kwa kuwa kiko juu: barabara,
reli, na nani anakuja.

Mama Kyabula, mkuu wetu, alikwenda na kamba
na vigingi ishirini na vinne.
Akakizungushia kilima taratibu
kama anayempima nguo mtoto aliyelala.
Askari mmoja akairuka kamba. Mwingine akaanikia soksi.
Kapteni akasema yeye ana ramani,
na ramani inasema hapa hakuna mtu.
"Ni kweli," akajibu Mama. "Hakuna mtu.
Kuna watu."

Wakachimba.
Niseme jambo linalonichoma: walichimba vizuri.
Sisi kwa brashi na kijiko, misimu miwili,
tulifika kina cha kiwiko.
Wao kwa sepetu, siku tatu, kifua.
Kuta za handaki zilinyooka kama za kaburi la chifu:
jivu, udongo mwekundu, jivu, mifupa, jivu.
Nikiwa nje ya uzio na darubini ya kuazima
nilihesabu matabaka tisa,
nikawaonea wivu.

Ijumaa ile mvua ilikata umeme.
Nilikuwa ofisini, bukari imepoa mbele yangu,
mlango ukagongwa kwa kidole kimoja.
Kijana, magwanda yamelowa, bunduki hana,
mkononi kopo la sardini lililofunikwa kitambaa.
Ndani msalaba wa shaba, mdogo, mikono minne sawasawa,
na kipande cha mrija wa mvukuto.
Msalaba hakuushughulikia.
Akaugeuza mrija kwenye mwanga wa simu yake:
"Tazama hapa."
Alama ya kidole gumba, imeokwa pamoja na udongo.
"Nilijaribu changu. Hakikuingia.
Huyu alikuwa mtoto."
Mvua ilipiga mabati.
"Kule kwetu tunaye mmoja wa kadiri hiyo," akasema.
"Anabeba maji."

Kisha akataka risiti.
Nilidhani nimesikia vibaya.
"Risiti," akarudia, "ili ijulikane sikuiba."
Nikawasha mshumaa, nikatoa daftari la nakala tatu.
Kimepokelewa: msalaba, mmoja. Mrija, kipande, kimoja.
Kutoka kwa...
akatikisa kichwa.
Nikaandika: handaki la kaskazini.
Aliikunja mara nne, akavua buti,
akailaza chini ya unyayo, akafunga kamba, akaenda.

Barua ya nne tumeipeleka jana.
Kamba ya Mama Kyabula bado inaanikiwa soksi.
Mrija nimeupa namba 3318,
upande wa nyuma, mbali na kidole.
Mkono ulitetemeka kidogo,
ila wino haukukigusa.