Uhusiano Wako na Mfungwa

Fomu imeuliza jina, nimelitaja.
Imeuliza kitambulisho, nimekitoa kwenye fundo la leso,
nambari zake zimefifia kama mwenyewe.
Kisha ikauliza: uhusiano wako na mfungwa.
Hapo vidole vya Bwana Kimwele vikasimama,
akanitazama juu ya miwani
kibandani mwake Kariokor, ukurasa shilingi hamsini.

"Wewe ni mama yake?" Hapana.
"Shangazi?" Hapana, baba.
Andika: dada wa marehemu.

Akavua miwani.

Marehemu ni Silvano Odanga,
bawabu wa ghala la nyuzi, Eneo la Viwanda.
Alikuwa akirudi alfajiri na nusu mkate ndani ya koti,
anauweka mezani polepole
watoto wasije wakaamka wakaugombania.
Usiku mmoja wa Machi, vijana watatu, nondo moja.
Wawili hawakuliona jua la asubuhi.
Wa tatu alikuwa na miaka kumi na tisa.
Kortini Makadara nilikitazama kisogo chake siku nzima
nikikiombea kuoza.
Walimhukumu kitanzi, baadaye wakapunguza, kikawa kifungo cha maisha.
Siku ya kupunguza nililia.
Si kwa furaha.

Kwa hiyo msiniambie yaliyopita si ndwele.
Ni ndwele. Nimelala nayo kitanda kimoja
miaka ishirini na sita, na inakoroma.

Bwana Kimwele anataka kupamba:
"Niseme, kwa unyenyekevu mkuu,
kwamba mfungwa sasa ni malaika?"
Acha malaika. Andika niliyoyaona.

Nilikwenda Kamiti mara ya kwanza ili nimwone amekonda.
Ndiyo, waheshimiwa. Dini niliiacha nyumbani.
Nikamkuta ana mvi, ana chaki kwenye kucha,
anawafundisha hesabu wanaume wenye wajukuu.
Hakuniomba msamaha.
Alisema: "Mama, kuna jambo sikulisema kortini.
Alikuwa na mkate. Niliula.
Niliula nikikimbia, ulikuwa bado na joto."

Mkate!
Mawakili wawili, hakimu, faili nene kama tofali,
hakuna aliyewahi kuutaja ule mkate.
Nilidhani ni mimi peke yangu duniani ninayeujua.
Nilitoka bila kuaga, nikakosea njia ya lango,
na ilinichukua miezi saba kurudi.

Tangu hapo nimekwenda mara thelathini na moja.
Nimemwona mzee mmoja, mwizi wa ng'ombe,
akiandika jina la binti yake kwa mara ya kwanza
na Muthengi akimshika kiwiko, si mkono,
ili herufi ziwe zake mwenyewe.
Nimemsikia akikosolewa na mwanafunzi
akafuta ubao, akasema, umenishinda.
Kijana wa nondo asingefuta.

Sisemi hana hatia.
Hatia anayo, nami nakala yake ninayo.
Na msidhani ninasema kwa niaba ya ukoo:
Trufena, kifungua mimba wa Silvano,
niliyemlea kwa kufua nguo za watu Pangani,
hajanipigia simu tangu Pasaka.
Ana haki. Jina lake msilitafute hapa chini.

Ninachoomba ni kidogo:
atoke angali na magoti ya kupanda ngazi,
akatafute kazi, akataliwe, atafute tena,
alipe kodi ya chumba, anyeshewe na mvua ya Nairobi
kama sisi wengine tuliobaki.
Kule ndani ameshajifunza yote yanayofunzwa na ukuta.
Ndugu yangu hafufuki kwa Muthengi kuzeeka.
Nimengoja nione. Hafufuki.

"Mama," asema Kimwele, "hii nafasi ni ndogo,
na majibu wameyapanga: mzazi, mwenzi, mtoto, wakili.
Dada wa marehemu hayumo."

Usifute.
Andika pembeni, kwa mkono, wino uonekane.
Wao ndio wasomi,
wanitafutie kisanduku.