Kiraka

Folda inaitwa vya_watu.
Mudoma aliipa jina hilo mwaka tulipohamia
juu ya duka la mbolea, Barabara ya Naboa, Mbale,
na harufu ya urea ikatufuata ngazini.

Ndani mna mistari elfu nne na ushei
ya mtu ambaye hatujawahi kusikia kikohozi chake.
Kazi yake moja: kusoma mizani.
Gunia la kahawa likitua Budadiri
yeye ndiye anayeiambia kompyuta, sitini na moja nukta nne.
Misimu mitano anasema hivyo
na hatujamuuliza ameamkaje.

Jana ukatangazwa ufa.
Ufa wake, lakini nyumba ni yetu.
Mwenyewe keshauziba, katoa toleo jipya,
nami nikafungua lake na letu, ubavu kwa ubavu,
nikitarajia mapacha.

Nikakuta makovu.
Mstari wa 1318, mtu kaongeza sifuri.
Mstari wa 2006, mtu kazidisha, kagawanya, kajuta, karudisha.
Maelezo hakuna. Kuna herufi mbili tu, mm,
ambazo ama ni Mudoma Martin
ama ni mtu aliyekuwa akiguna.

Nikampigia. Siku hizi yuko benki, Kampala, anaongea polepole.
"Ile? Mizani ya Budadiri ilikuwa inapunja mvua ikinyesha.
Nilitia kiraka usiku mmoja, umeme ukienda na kurudi.
Kwani bado mnaitumia?"

Bado tunaitumia.

Wesonga anasema tuchukue jipya zima, tusilitie mkono:
nguo ya kuazima haishonwi.
Kakayi anasema tumbadilishe jina, awe wetu, tumlee.
"Nani amlee?" nauliza. "Wewe Machi unaolewa Tororo."
Anacheka, kisha hacheki.

Tukichukua jipya, Nambozo wa Bumasifwa
atapoteza nusu kilo kwa kila gunia la siku ya mvua
na hatajua amlaumu nani.
Tukibaki na la kale, yeyote mwenye usiku mrefu
ataingia aandike kilo azitakazo.

Saa tano. Malewa yamepoa kwenye sahani.
Toleo jipya nimeliweka kama lilivyokuja, sikuligusa hata nukta.
Viraka vya Mudoma nimevifumua kimoja kimoja,
nikavikunja kwenye faili lao, pembeni,
kila kimoja na jina la fundi, tarehe, sababu.
Kimoja nimempelekea yule asiyekohoa, pamoja na salamu.
Hajajibu. Huenda naye
ana mchuzi unaopoa.

Juu ya faili nimeandika:
Mvua ikinyesha Budadiri, mizani hupunja. Usifute.

Wanale imejifunika wingu tangu jioni.
Mlinzi wa Budadiri, baada ya kubembelezwa sana,
ameniachia gunia moja juu ya mizani.
Sitini na moja nukta nne, kioo kinasema.
Sitini na moja nukta nne.
Nangoja inyeshe.