Chumba chenye Sakafu ya Waya

Kazi yangu ni kuosha matundu.
Saa moja asubuhi, upande wa Tunguu,
nafungua mlango wa maabara, nawasha taa,
na panya thelathini na wawili
wananyanyua pua kwa pamoja
kama watu wanaoitikia hodi.

Vyumba ni viwili.
Cha kwanza kuta nyeusi, sakafu ya waya,
harufu ya siki, na kitaa cha kijani juu ya wenzo.
Cha pili nimekitandika maranda ya seremala,
kuta nyeupe, gurudumu la kuchezea, na wenzao wanne.
Daktari Zuleikha alinieleza mara moja tu:
dawa wanaipata kwenye waya,
kwenye maranda hawapati kitu.
Kisha dawa huondolewa. Siku arubaini.
Panya hunenepa, manyoya hurudi kung'aa,
ungemwona ungesema huyu kapona.
Miye nilisema.

Akamrudisha kwenye waya.
Hakumpa kitu. Mrija ulikuwa mtupu, niliuosha mwenyewe.
Lakini miguu ilipokanyaga waya ule,
kitaa kilipowaka,
aliukimbilia wenzo akaubonyeza,
akaubonyeza,
akaubonyeza.
Nilihesabu kwa tasbihi ya mfukoni,
nikaimaliza, nikaanza upya.

"Hakukumbuka kwa kichwa," Daktari alisema, huku akiandika.
"Nyayo ndizo zilizokumbuka."

Yule wa maranda naye alitiliwa wenzo.
Aliubonyeza mara tatu,
akaunusa,
akenda kulala juu ya mgongo wa mwenziwe.

Nilikwenda chooni, nikafungua bomba
ili maji yapige kelele.

Kaka yangu Haroub yuko Wete.
Mwezi wa saba huu, anachambua karafuu kwa Ami Shaame,
analala kwenye jamvi pamoja na watoto wa Ami,
wanamkanyaga usiku, asubuhi anawagombeza.
Ametuma picha: ana mashavu.
Kete hazitaji. Arosto hana.
Mama anaibusu simu, anasema,
"Basi na arudi, tule Idd pamoja.
Mtu ameshapona, kwani Pemba ndiko kwao?
Chumba chake kipo vile vile. Sijagusa kitu,
hata shuka."

Hata shuka.

Mama, nitakwambiaje?
Dirisha lake linatazama kona ya transfoma,
na Mkadam bado anapiga mbinja mbili baada ya Isha.
Ufa wa ukutani alimokuwa akificha kijiko
bado umezibwa kwa gazeti lile lile.
Hayo ningeyasema.
Ningechukua chokaa nikapaka,
ningehamisha kitanda, ningemwita fundi azibe dirisha.

Lakini wewe unauza urojo.
Kila alasiri unakaa pale kizingitini
na kisu chako na bakuli lako,
unakata ndimu,
na nyumba nzima inajaa harufu ile
aliyokuwa nayo vidoleni kila siku, miaka tisa,
ndimu na kijiko, ndimu na kijiko,
nasi tukidhani mtoto anampenda mama
ndiyo maana hakosi kuiba ndimu zake.

Ndimu hizo zimetusomesha.
Zimelipa ada yangu, zimenunua viatu vya huyo Haroub.
Nani atamwambia Bi Raya
kwamba kitaa cha kijani
ni mikono yake?

Sikumwambia. Nimekata tiketi mbili.
Nimesema Idd hii twende sisi, Ami ametualika,
uongo mdogo, Ami nitampigia baadaye.
Mama kafurahi, kafunga kikapu usiku kucha:
kanzu, visheti, mkate wa mayai,
na chini kabisa, ndani ya khanga kuukuu,
ndimu kumi na mbili.
"Nimpikie urojo mwanangu."

Nilizitoa alfajiri alipokuwa akisali.
Nikamwambia zimeoza.
Akaniangalia kwa muda, kisha akaangalia mikono yangu,
hakuuliza.

Boti ilipofika Mkoani
nilikuwa bado ninanawa.