Chupa Zirudi

Mama hanitumii salamu, hunitumia chupa.
Kila Ijumaa ya pili basi la Berkovitsa
huingia Sofia saa nne na robo,
na dereva Gencho, sigara sikioni,
hushusha boksi la ndizi lisilo na ndizi:
chupa tisa za mdomo mpana,
kila moja imevishwa soksi ya marehemu baba
zisije zikagombana njiani.

Ubavuni mwa boksi, kwa penseli ya seremala:
CHUPA ZIRUDI. NA VIFUNIKO.

Hakuna hata moja aliyoinunua ikiwa tupu.
Hii pana ilianza maisha na haradali
ya kiwanda alichofanya kazi baba
mpaka kufuli lilipomshinda mwenye ufunguo.
Hii yenye mbavu ilikuwa ya asali ya jirani;
jirani kahamia Hispania, asali ikalika,
chupa haikuaga mtu.
Hii ndogo, karoti zangu za kusagwa, sina jino hata moja.
Sasa inatunza mbegu za bizari.

Nikibandua lebo kwa ukucha na maji moto
nakuta lebo chini ya lebo.
Pilipili hoho, mwaka juzi.
Cheri, mwaka niliofeli hesabu.
Chini kabisa, mwandiko wa bibi,
herufi moja imeng'ang'ania gundi
na sijui ilikuwa mwanzo wa tunda gani.

Septemba mama huzichemsha uani, ndani ya pipa,
matambara katikati, kuni za mplamu chini.
Kisha huzipanga mezani, hukaa gizani na kusikiliza:
kifuniko kikipoa hubonyea, tik.
Tik. Anahesabu.
Akipata arobaini na mbili katika arobaini na tatu
halali.

Wifi yangu Ivelina, bibi harusi wa miezi miwili,
alisafisha ghala kwa nia njema
akatupa kumi na nne.
Mama hakusema neno. Alichukua tochi,
akaliendea pipa la taka la mtaa,
akarudi na kumi na moja kwenye aproni.
Hawakusemezana mpaka Pasaka,
na Pasaka yenyewe alimpa
yai lenye ufa.

Basi mimi nilizirudisha zote tisa.
Nilizisugua hadi zikalia chini ya kidole.
Na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudi kikavu,
nilitia kahawa, nikatia malimau mawili,
betri za redio yake, soksi mpya.

Jumapili simu ikalia.
"Rumi, hukula."
Nimekula, mama.
"Vifuniko havina kitunguu saumu.
Vinanuka sabuni ya mtu mwingine."

Sikuwa na la kujibu.
Tangu Plamen abebe viatu vyake
chakula kilikuwa kikinipita kama basi lililojaa.
Pilipili nilimpa fundi cherehani wa ghorofa ya pili,
maharage wakala wanawe,
na chupa ziliniletea mlangoni zikiwa zimeoshwa,
zinanukia limau la dukani.
Sikujua kwamba kifuniko ni shahidi,
kwamba raba ile nyembamba, nyekundu,
humeza harufu na kuitapika mbele ya hakimu.

Alinyamaza kidogo. Nikasikia akifungua redio, akiifunga.
"Safari hii," akasema, "usinioshee.
Acha mafuta chini. Nitaosha mwenyewe."

Ni saa sita usiku.
Nimesimama kando ya sinki, sijawasha taa kubwa,
mkate mkono mmoja, kijiko mkono mwingine.
Kifuniko kimegoma, nikakipiga kisigino, kikapumua.
Rojo la hoho lina moshi wa uani kwetu.
Kijiko cha kwanza kilikuwa kazi.
Cha tano sikukihesabu.

Sasa kijiko kinagonga kioo,
na ukutani mwa chupa kumebaki
alama nyekundu za kukwangua, ovyo ovyo,
mwandiko wangu.
Naifunga hivyo hivyo.
Naivisha soksi.