Saa Tatu ya Nani?

Bwana Roelof Dijkstra,
barua yako nimeipata, na picha ya tiketi.
Umeandika: "Tukutane getini saa tatu."
Kabla sijasema ndiyo, nakuuliza
ninalomuuliza kila ashukaye melini:
saa tatu ya nani?

Meli yenu itakuja na saa za Lisbon,
na nahodha hazibadilishi kwa kisiwa cha siku moja.
Sisi wa Ponta Delgada tuko nyuma saa nzima.
Si uvivu. Jua hutufikia
likishamaliza kukausha nguo za watu wa bara.

Simu yako itakusaliti.
Ukikanyaga gati itanusa mnara wetu
na kujigeuza kimyakimya;
ya mkeo, isiyoshika mtandao ugenini,
itang'ang'ania Rotterdam.
Mtasimama bega kwa bega kwenye manyunyu,
mke na mume, saa mbili kati yenu,
kila mmoja akiapa aliyekosea ni mwenzake.

Mimi huvaa mbili: kushoto kisiwa,
kulia meli.
Madereva wenzangu hunicheka,
eti Deolinda ana haraka ya mikono miwili.
Wacha wacheke. Hawakuwapo Oktoba ile
nilipowarudisha wazee wawili wa Aberdeen,
nusu saa kabla ya wakati, nilivyodhani,
tukakuta kamba zimeshafunguliwa
na maji kati ya ukuta na chuma
yana upana wa meza, kisha wa barabara.
Bibi yule alivua viatu, sijui kwa nini.
Labda alidhani angekimbia.
Dawa za moyo za mumewe zilikuwa kwenye droo,
ghorofa ya saba, zikielekea Madeira.
Meli huwangoja watu wa mabasi yake.
Watu wa gari langu haiwajui.

Walilala kitanda cha Nélio, mwanangu.
Yeye yuko Fall River, anapaka rangi nyumba za watu.
Saa nne ziko kati yetu,
na saa nne usiku ndipo hunipigia,
yeye akiosha brashi, mimi nusu usingizini.
"Umekula, mama?"
Jikoni nina saa ya tatu, ya kwake.
Hiyo siivai.

Basi tuelewane.
Nitakuwa getini, kando ya kibanda cha muuza mananasi,
saa mbili na nusu ya kisiwa;
kwa meli ni tatu na nusu.
Kule Furnas vyungu hufukuliwa ardhini saa sita,
ya kisiwa, maana moto wa chini hausomi ratiba ya mtu.
Ngojangoja huumiza matumbo, wanasema;
ya Furnas huyajaza:
nyama, kabichi, viazi vyenye harufu kidogo ya kiberiti.
Mkeo atataka kuingia maji ya moto.
Aingie. Nitamhesabia dakika.

Bango la meli litasema: abiria wote ndani, saa kumi na nusu.
Usisome hivyo. Soma tisa na nusu.
Mimi nasoma nane na nusu,
kwa sababu ya ng'ombe
wanaokata barabara wakienda kukamuliwa,
na sijaona bado ng'ombe aliyeelewa honi.

Hiyo saa moja itakayobaki haina mwenyewe.
Tutakaa ukutani, meli yenu ingali imefungwa,
unywe kahawa, ulalamike
kwamba nimekukimbiza bure.
Lalamika. Hakuna wimbo niupendao kuliko huo.

Pesa utanipa mkishafika.
Kwa sasa niandikie tena ile saa,
na mbele ya tarakimu maneno mawili tu:
ya kisiwa.

Wako, Deolinda Furtado.
Naandika saa tano usiku. Kwako ni saa saba, umelala.
Kwa Nélio ni saa moja jioni,
na leo hajapiga.