Watalaka wa Mume Mmoja

Jumapili, saa nne kasoro, jua la Lindi limeshaanza masimango,
Bi Luan kanikuta mlangoni na kofia ya ukili,
ile aliyouziwa bei ya mgeni.
Mhasibu wa kampuni ya barabara, miezi minane hapa,
na mji hajauona ila kwa kioo cha gari.
"Somoe," kasema, "leo nitembeze."

Nilikuwa na hotuba yangu. Nimeikariri
tangu wale Waswidi wa mradi wa maji:
hapa forodha, hapa bohari la Mhindi wa pamba,
hapa Boma la Mjerumani, tahadhari na nyoka.
Elfu ishirini, na soda juu yako.

Boma lenyewe halina paa.
Mkuyu umepitisha mguu dirishani
kama mtu aingiaye kwake usiku bila kugonga,
na ndani, palipokaa meza ya kodi,
mtu kapanda mihogo mistari mitatu.
Mbuzi wa Mama Nalinga wamelala kwenye kivuli cha serikali.

Nikaanza: "Jengo hili..."
Hakusikiliza. Kaweka kiganja ukutani,
anapapasa tao la dirisha, jiwe kwa jiwe,
kama mtu aliyeikuta mnadani
shati la marehemu wake.
"Huyu namjua," kasema.
Huyu. Hakusema hili.

Akatoa simu. Qingdao, kwao,
mji wa bahari wenye mapaa ya vigae vyekundu
kama pilipili zilizoanikwa jamvini;
kanisa la minara miwili, na mbele yake maharusi,
si mmoja, si wawili, foleni ya maharusi,
shela zinaburura, wapiga picha wanagombea ngazi.
"Jumamosi hupati pa kukanyaga."
Na madirisha, jamani, tao lile lile,
mkono ule ule.

"Kwenu alikuja lini?"
"Tisini na saba, mwezi wa kumi na moja."
"Ah, kwetu alitangulia."
Nikajikuta nimevimba kifua, mimi bi mkubwa!
"Akaondoka lini?"
"Vita ile ya kwanza. Akaja Mjapani."
"Vita hiyo hiyo. Akaja Mwingereza."
Kimya. Mbuzi mmoja akapiga chafya.
Tukaangua kicheko mpaka tukashikana mabega,
kama wanawake wawili waliokutana foleni ya maji
wakagundua wana talaka za mume mmoja.

Basi zikaanza habari za wake wenza.
Kwako aliacha nini?
Bia, kasema, na mitaro ya chini kwa chini,
mvua ikinyesha watu hadi leo wanaisifu.
Bibi yangu hakuisifu.
Kwangu? Kuta, nikasema. Kamba. Na kodi ya kibanda,
hata kibanda chenyewe kikiwa kimeungua, na aliyekiunguza ni yeye.

Alichukua nini?
Hapo nikamgeuza uso kuelekea Tendaguru:
mifupa ya mjusi aliyeuzidi msikiti urefu
ilishuka hadi hapa vichwani mwa watu,
ikaingia melini, na hadi leo iko kwake.
Babu yake mama alibeba pande moja.
Hakuambiwa ni nini. Akadhani ni mtu.
Njia nzima alikwenda taratibu, mama alisimulia,
hakuimba na wenzake,
na usiku akilitua alilitua kichwa kibla.

Bi Luan hakuandika. Alivua kofia.

Baadaye akataka picha: nisimame langoni,
kama bi harusi wa kwao.
Nikamwambia, dada, kwa huyu siolewi tena.
Tukamsimamisha mbuzi.

Saa saba akafungua pochi, akahesabu elfu ishirini
kwa vidole vya mhasibu, noti zikiangalia upande mmoja.
Nikamrudishia kumi.
Mke mwenza hatozwi bei ya mgeni.
Soda, lakini, nilikunywa.
Mbili.