Glasi ya Asubuhi

Weka kalamu chini, Bwana Lacaze.
Hapa ghalani kwetu, Gaskoni, hatuanzi na karatasi,
wala hatuanzi na rangi.
Rangi ni shahidi wa kununuliwa:
sukari ya kuungua, kijiko tu kwenye pipa,
na kijana wa miaka mitatu anaota mvi.

Usiitikise glasi kama mtu anayefukuza nzi.
Ipe joto la kiganja.
Ishike kifuani kwanza, usawa wa kifungo cha pili cha shati,
harufu ipande yenyewe, kama mgeni mwenye adabu
abishaye hodi mara tatu.
Ikikuchoma pua kabla hujainama,
hiyo ina haraka,
na mwenye haraka ana la kuficha.

Hodi ya kwanza ni tunda: plamu kavu, ganda la chungwa.
Ya pili ni mbao. Si mbao za seremala;
mbao za kabati la bibi
lililofungiwa nguo za msiba.
Ya tatu sikutajii.
Mimi niliingoja miaka kumi na tisa,
na shangazi yangu Maylis alikufa akisema bado.

Sasa onja. Kiasi cha chozi la jicho moja.
Itembeze chini ya ulimi. Meza. Nyamaza.
Brandi mbovu huagia mlangoni ikaenda zake;
nzuri hurudi, imesahau kofia,
huketi tena, huanza hadithi nyingine.

Unacheka?

Lile pipa la kumi na nne, lenye alama ya chaki.
Mwaka ule mvua ya mawe ilivunja mizabibu
na benki ya Nogaro ikatuma barua ya tatu.
Nililitia kijiko. Mimi. Usiku,
mume wangu Bernat akinishikia taa
huku anatazama ukuta.
Mnunuzi alikuja na viatu kama vyako.
Akainua glasi dirishani, akasema, "Dhahabu!"
Akalipa bei ambayo haijalipwa tena humu.
Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hata hatua moja hakikujitembeza.

Tuliezeka paa kwa pesa ile.
Litazame ukitoka: limekuwa jeusi kwa ukungu
unaoishi kwa pumzi za mapipa.
Ukungu haubagui. Hula ya kweli, hula na ya uongo.

Kwa hiyo usiniamini mimi.
Usiiamini chupa, wala vumbi lake; vumbi nalo hupakwa.
Kunywa, kisha iache glasi mezani, usiioshe.
Lala kwetu, chumba cha juu kina blanketi.
Kesho, kabla ya kahawa, inamia glasi tupu.
Ya uongo itanuka jikoni: sukari, sufuria.
Ya kweli,
basi, utashuka ngazi uniambie.
Pua yangu ilianza kuniaga tangu baridi iliyopita,
nami nahitaji mtu wa kunisimulia.